Damu ya kuongezewa katika upasuaji wa moyo wa mtoto mchanga: kupunguza inflamesheni (mwitikio wa mwili unaoleta uvimbe) hatua kwa hatua

Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu ya kiasi cha ml 255 tu mwilini. Mashine ya moyo-mapafu ikiunganishwa bila hesabu inaweza kudai ml 400 za kijazo, yaani majimaji ya kujazia mirija, oksijeneta (kifaa cha kuipa damu oksijeni) na tangi lake kabla haijaanza kusukuma. Damu ya mtoto inazidiwa na kijazo hicho, hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu) inaporomoka, na timu inalazimika kuongeza chembe nyekundu za mtu mwingine. Chembe hizo mtoto anazihitaji. Kinachomdhuru zaidi ni majimaji yaliyozizunguka ndani ya mfuko. Kazi yetu ni kuyazuia yasimfikie: kwanza kwa kupunguza damu inayohitajika, kisha kwa kusafisha ile isiyokwepeka.

Mwongozo huu ni wa timu nzima: wapasuaji, madaktari wa usingizi, waendesha mashine, wauguzi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na watu wa benki ya damu. Viwango vilivyotajwa ni vya kuanzia. Itifaki ya hospitali na maelekezo ya mtengenezaji wa kifaa ndiyo yanayotawala.

Kilichomo ndani ya mfuko

Chembe nyekundu zikikaa kwenye friji huvuja, na nyingine hupasuka. Potasiamu ya majimaji hupanda kila siku, na mwishoni mwa muda wa kuhifadhi inaweza kufika mmol 50 kwa lita. Laktati hupanda, pH hushuka. Hemoglobini iliyotoka kwenye chembe zilizopasuka hufyonza naitriki oksaidi ya mishipa, na mishipa ya mapafu hubana. Kwa mtoto ambaye tayari ana presha ya mapafu, hilo ni tatizo kubwa. Chembe nyeupe zilizobaki ndani ya mfuko humwaga saitokini, yaani kemikali zinazochochea inflamesheni, kama interleukini 1, 6 na 8 pamoja na TNF. Plazma inaweza kubeba kingamwili za mchangiaji zinazoshambulia chembe nyeupe za anayepokea.

Yote haya yanamfikia mtoto ambaye damu yake imeshagusana na plastiki ya mirija. Mguso huo peke yake umeamsha protini za kinga ziitwazo komplementi, kemikali ya bradikinini na chembe nyeupe ziitwazo neutrofili. Majimaji ya mfuko yanakuja kama pigo la pili juu ya chembe zilizokwisha kuamshwa. Mishipa midogo inaanza kuvuja: mtoto anavimba, mapafu yanakuwa mazito, mkojo unapungua, dawa za kupandisha presha zinaongezwa dozi, na wakati mwingine kifua hakifungiki siku hiyo. Ndiyo maana usafishaji unatakiwa ufanyike kabla damu haijaingia. Ukisubiri dalili, unatibu matokeo.

Hatua ya 1: Piga hesabu siku moja kabla

Unahitaji namba nne: ujazo wa damu ya mtoto (ml 85 kwa kilo kwa mtoto mchanga aliyetimiza miezi, karibu ml 75 hadi 80 kwa kilo kwa mkubwa zaidi), hematokriti yake, ujazo wa kijazo, na hematokriti unayoitaka akiwa kwenye mashine.

Jumlisha ujazo wa damu na kijazo, zidisha kwa hematokriti unayoitaka. Toa chembe nyekundu alizonazo mtoto, yaani ujazo wa damu yake mara hematokriti yake. Kinachobaki gawanya kwa hematokriti ya damu ya mfuko. Jibu ni ml za damu unazohitaji, na ml hizo zinachukua nafasi ndani ya kijazo. Haziongezwi juu yake.

Tumchukue mtoto wetu wa kilo 3 mwenye hematokriti ya 42%. Ana ml 107 za chembe nyekundu. Tunataka 28% kwenye mashine, na damu ya mfuko ina 60%.

Kijazo kikiwa ml 400, jumla ni ml 655. Bila damu, hematokriti ingeshuka hadi karibu 16%. Ili kufika 28% anahitaji ml 127 za damu ya mfuko.

Kijazo kikiwa ml 180, jumla ni ml 435. Bila damu angekuwa na 24.6%. Ili kufika 28% anahitaji ml 25 tu.

Mtoto ni yule yule na ugonjwa ni ule ule, lakini damu ya kigeni imepungua mara tano kwa sababu ya urefu na upana wa mirija. Hakuna dawa kwenye mwongozo huu inayokaribia nguvu ya hesabu hiyo.

Usishushe lengo ili kukwepa damu. Jaribio la Boston lililochapishwa 2003 lililinganisha hematokriti ya karibu 20% na ya karibu 30% kwa watoto wachanga kwenye mashine, na wale wa 20% walipata alama za chini za ukuaji wa misuli na mwendo walipofikisha mwaka mmoja. Jaribio lililofuata, la 2008, lililinganisha 25% na 35% na halikuona tofauti kubwa ya namna hiyo. Kwa hiyo vituo vingi havikubali chini ya 24 au 25%, na huweka nafasi ya usalama juu yake. Mtoto mwenye sainosisi (rangi ya bluu kwa sababu damu ina oksijeni kidogo) huhitaji zaidi.

Hatua ya 2: Punguza saketi (mzunguko wa mirija na vifaa vya mashine)

Pima mirija kwa mita, kisha kata. Mrija wa inchi 1/4 unabeba karibu ml 32 kwa kila mita, wa inchi 3/16 karibu ml 18, na wa inchi 1/8 karibu ml 8. Mtoto wa kilo 3 akisukumiwa ml 150 kwa kilo kwa dakika anahitaji ml 450 kwa dakika, na mrija wa ateri wa inchi 3/16 unatosha kabisa. Ukibadilisha mita moja na nusu kutoka inchi 1/4 kwenda 3/16 umeokoa ml 21, karibu sawa na damu yote aliyohitaji mtoto wa mfano wa pili.

Sogeza mashine hadi kwenye kitanda cha upasuaji. Inua tangi na oksijeneta zifike usawa wa mtoto badala ya kuziacha chini, kisha tumia mvuto mdogo wa vakyumu kwenye tangi, kwa kawaida kati ya mmHg 20 na 40 chini ya sifuri, ili damu ya vena irudi bila kutegemea mwinuko. Chagua oksijeneta ya watoto wachanga. Zipo zenye kijazo cha ml 31 hadi 43. Mstari wowote usio na kazi katika upasuaji huo uondolewe au ubanwe ukiwa mtupu.

Timu ya Berlin, Ujerumani, imefika kwenye saketi za takriban ml 100 na imefanya baadhi ya upasuaji wa watoto wadogo sana bila damu ya mfuko kabisa. Si kila kituo kitafika huko, na mtu asijilazimishe. Saketi fupi ina bei yake: tangi likiwa na ml chache, hewa inaingia kwenye mstari wa ateri ndani ya sekunde chache vena ikiziba. Usipunguze kijazo kabla kengele ya kiwango cha tangi na kitambuzi cha hewa hazijafungwa na kujaribiwa, na timu iwe imekubaliana nani anasema nini kiwango kikishuka.

Hatua ya 3: Agiza mfuko sahihi

Ombi kwa benki ya damu litaje mambo haya kwa maneno, lisiishie kwenye kundi la damu.

Damu iwe imechujwa chembe nyeupe kabla ya kuhifadhiwa. Kichujio cha kitandani hakiwezi kuchukua nafasi hiyo, kwa sababu chembe nyeupe zikishakaa siku kadhaa mfukoni zimeshamwaga saitokini, na saitokini hupita kwenye kichujio bila kuzuiliwa.

Iwe imepigwa mionzi kama kuna shaka ya upungufu wa kinga. Watoto wenye kasoro za moyo kama trunkasi ateriosasi, aota iliyokatika au tetralojia ya Fallot wanaweza kuwa na upungufu wa kipande cha kromosomu kiitwacho 22q11, na kwao limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) hai za mchangiaji ni hatari ya kifo. Tatizo ni kwamba mionzi huongeza kasi ya kuvuja kwa potasiamu. Mfuko upigwe mionzi karibu na saa ya upasuaji na utumike ndani ya saa 24.

Umri wa mfuko umebishaniwa sana. Jaribio kubwa la ABC-PICU, lililochapishwa 2019, lililinganisha damu ya siku 7 au chini na damu ya kawaida kwa watoto mahututi, na halikuona kwamba damu mbichi inazuia viungo kushindwa kufanya kazi. Hata hivyo, kwa kijazo cha mashine omba mfuko mchanga, kwa sababu ya potasiamu: hapa mtoto anapokea kiasi kikubwa kwa dakika moja, na moyo wake unaweza kusimama.

Damu nzima mbichi ina sifa kubwa kuliko ushahidi wake. Jaribio lililochapishwa 2004 lilijaza mashine za watoto kwa damu nzima mbichi upande mmoja, na chembe nyekundu pamoja na plazma upande wa pili. Damu nzima haikuwa na faida. Watoto wake walikaa ICU muda mrefu zaidi na kubaki na maji mengi mwilini.

Hatua ya 4: Osha damu kabla haijaingia kwenye kijazo

Kuosha ndiko kunakoondoa kile ambacho vichujio vingine haviwezi. Mwaka 2012 timu ya Rochester, New York, ilichapisha jaribio la bahati nasibu ambamo chembe nyekundu na chembe sahani (chembe za kugandisha damu) zilizooshwa zilishusha viashiria vya inflamesheni baada ya upasuaji wa moyo wa watoto, na idadi ya kuongezewa damu ikapungua.

Mashine ya kuokoa damu iliyoko chumba cha upasuaji inatosha. Chagua bakuli dogo. Bakuli lazima lijae: likijaa nusu, chembe hazijibani vizuri ukutani, maji ya kuoshea yanapita katikati na uchafu unabaki. Mfuko mmoja wa mtu mzima una ml 150 hadi 180 za chembe halisi, kwa hiyo bakuli la ml 125 linajaa na linabaki kidogo. Bakuli la ml 225 halijai.

Mimina mfuko kwenye tangi la mashine ya kuoshea, uzimue kwa chumvi ya 0.9% ili utiririke, kisha jaza bakuli kwa mwendo wa wastani. Osha kwa kiasi kinachotajwa na mtengenezaji, usikipunguze hata kama saa inakimbia. Angalia mrija wa maji machafu: mwanzoni ni mwekundu hafifu, na mwishoni unatakiwa uwe mweupe wa maji. Ukibaki na rangi ya waridi baada ya kiasi chote kupita, chembe zinapasuka. Punguza mwendo wa pampu na kagua kama mrija umekunjika mahali. Mfuko uliozeeka sana usiuoshe ukidhani unaufanya mpya. Kuosha kunaondoa majimaji, hakutengenezi utando wa chembe uliochakaa.

Pima damu iliyooshwa. Potasiamu inatakiwa iwe chini sana, mara nyingi chini ya mmol 2 kwa lita. Itumie mara moja. Ikibaki kwenye joto la chumba ukomo ni saa 4, na potasiamu inaanza kuvuja tena mapema kuliko hapo. Wengi huosha asubuhi mapema kisha mtoto anachelewa kufika tieta. Bora mfuko usubiri kwenye friji, na uoshaji uanze daktari wa usingizi anapomaliza kuweka mistari.

Kumbuka damu iliyooshwa kwa chumvi haina bikaboneti, kalsiamu wala protini za plazma, na ina kloraidi nyingi. Hilo linasahihishwa kwenye kijazo.

Hatua ya 5: Tengeneza kijazo, kisha kichuje kabla ya kumuunganisha mtoto

Anza na albumini ya 5%, ambayo hupaka kuta za plastiki na kupunguza mguso wa damu. Ongeza elektrolaiti zenye uwiano, chembe nyekundu zilizooshwa kwa kiasi ulichokokotoa, na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Plazma isiingizwe kwa mazoea. Inabeba kingamwili na sitireti (kemikali inayozuia damu kuganda mfukoni). Kama fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) ya mtoto itashuka mno kwa kuzimuliwa, ingiza kiasi kilichokokotolewa, la sivyo iweke akiba kwa ajili ya kutokwa damu baadaye.

Sasa zungusha kijazo kupitia kichujio cha kukamua maji kwa dakika 20 hadi 30. Kila ml inayotoka, rudisha ml ya maji yenye bikaboneti. Badilisha angalau ujazo sawa na kijazo chote. Mara mbili ni bora. Maji ya kurudishia yakiwa chumvi tupu utamaliza na damu yenye asidi inayotokana na kloraidi nyingi, kosa linaloonekana mara nyingi.

Kwa nini uchuje kama umeshaosha? Kwa sababu kazi zinatofautiana. Kichujio kinapitisha vitu vidogo: potasiamu, laktati, bradikinini, vipande vya komplementi C3a na C5a, na interleukini 8. Interleukini 6 inapita kwa sehemu. Hemoglobini huru na vipande vya chembe ni vikubwa mno kwa matundu ya vichujio vingi, hivyo hivyo ni vya mashine ya kuosha. Na kuosha hakugusi bradikinini inayozaliwa upya plazma na albumini zinapozunguka kwenye mirija. Kituo kisichokuwa na mashine ya kuosha kifanye uchujaji huu bila kukosa.

Kabla ya kuunganisha, pima gesi ya kijazo na isomwe kwa sauti: pH 7.35 hadi 7.45, potasiamu chini ya 5, sukari isiyo juu, joto linalolingana na la mtoto. Kalsiamu irekebishwe mwisho, kwa sababu damu ya mfuko ina sitireti inayoikamata, na moyo wa mtoto mchanga unategemea kalsiamu ya nje ya seli kuliko wa mtu mzima. Potasiamu ikiwa 6 au zaidi, usianze. Chuja tena, ni dakika 10.

Hatua ya 6: Ukiwa kwenye mashine

Hapa damu nyingi huongezwa kwa haraka bila sababu. Tangi likishuka, kwanza tafuta kanula (mrija ulioingizwa kwenye mshipa au moyo) ya vena iliyojikunja, damu iliyojikusanya kwenye uwazi unaozunguka pafu, au mstari wa kufyonza uliofungwa. Mara nyingi tatizo si upungufu wa damu. Ukihitaji ujazo, na hematokriti pamoja na oksijeni ya ubongo viko sawa, tumia albumini.

Kadioplejia, yaani mchanganyiko wa kuusimamisha moyo wakati wa upasuaji, nayo inazimua. Kwa mchanganyiko wa del Nido dozi ya kawaida ni ml 20 kwa kilo, na sehemu nne kati ya tano ni maji. Kwa mtoto wetu ni ml 60, na 48 kati yake ni maji yanayorudi kwenye tangi. Mpasuaji akiyafyonza kwenye atria ya kulia (chumba cha juu cha moyo) na kuyatupa nje, hematokriti haiguswi.

Damu iliyofyonzwa kutoka kifuani imegusana na tishu na ina vichochezi vingi. Ikiwa ni kidogo na hali inaruhusu, ipeleke kwenye mashine ya kuosha badala ya kuirudisha moja kwa moja.

Wakati wa kumpasha mtoto joto, chuja kwa usawa, yaani unachotoa ndicho unachorudisha. Saitokini hupanda zaidi kipindi hiki, na ndipo kichujio kinapovuna zaidi.

Hatua ya 7: Uchujaji baada ya mashine kusimama

Njia hii ilitokea London, Great Ormond Street, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Damu huvutwa kutoka kanula ya ateri, hupita kwenye kichujio na kurudishwa atria ya kulia, mtoto akiwa bado ana kanula. Mwendo ni ml 10 hadi 15 kwa kilo kwa dakika, kwa dakika 10 hadi 15. Hematokriti hupanda bila mfuko mpya, maji ya ziada hutoka, presha hupanda, mapafu hulainika.

Makosa ni matatu. Ukivuta kwa kasi mno unaiba damu ya ubongo, na oksijeni ya ubongo hushuka kwenye skrini: punguza mwendo mara moja. Mvuto kwenye kanula ya ateri unaweza kuingiza hewa kupitia mishono: mpasuaji aangalie kanula, asiangalie kwingine. Na mtoto hupoa: pitisha damu kwenye kipasha joto. Protamini (dawa inayoondoa nguvu ya heparini) isitolewe hadi uchujaji uishe, la sivyo kichujio kinaganda.

Hatua ya 8: Kutokwa damu baada ya protamini

Mfuko wa tatu na wa nne kwa kawaida huingia hapa. Traneksamiki asidi (dawa ya kupunguza kutokwa damu) ianze kabla ya kisu, kwa dozi ya itifaki. Dozi kubwa kupita kiasi huleta degedege. Baada ya protamini subiri dakika chache, pakia shashi, kisha pima kuganda kwa kipimo cha mnato kama ROTEM au TEG. Fibrinojeni ikiwa chini, toa kriyo (sehemu ya plazma yenye fibrinojeni nyingi) au fibrinojeni ya unga. Chembe sahani zikiwa chini, ml 10 kwa kilo. Kutoa kila kitu kwa pamoja bila kipimo ni kumpa mtoto wachangiaji watano kwa tatizo la mshono mmoja.

Steroidi

Kwa miaka mingi zilitolewa kwa mazoea. Jaribio la STRESS la 2022, lililohusisha zaidi ya watoto 1,200 wa chini ya mwaka mmoja, lilitoa methiliprednisoloni mg 30 kwa kilo: matokeo makuu hayakuboreka kwa kiwango cha kutegemewa, na sukari iliyohitaji insulini iliongezeka. Deksamethasoni mg 1 kwa kilo nayo haikupunguza matatizo makubwa katika jaribio la 2020. Hatuzitoi kwa kila mtoto, na haziwezi kuchukua nafasi ya kuosha na kuchuja.

Hatua ya 9: ICU

Mtoto aliyetengenezwa moyo kikamilifu, asiye na sainosisi na aliyetulia, kwa kawaida hahitaji damu hemoglobini ikiwa g 7 kwa desilita au zaidi. Mwenye ventrikali moja (chumba kimoja tu cha moyo cha kusukuma damu) aliyefanyiwa upasuaji wa hatua za mwanzo, kikomo kinachotumika ni karibu g 9. Lakini namba peke yake isiamue. Angalia laktati, oksijeni ya vena, mkojo na dozi ya adrenalini. Ukiamua kutoa, toa ml 5 hadi 10 kwa kilo taratibu, kisha pima upya kabla ya kuomba zaidi. Omba benki igawe mfuko mmoja kwenye vifuko vidogo, ili damu ya leo na ya keshokutwa zitoke kwa mchangiaji yule yule.

Homa, presha kushuka au oksijeni kushuka ndani ya saa 6 za kuongezewa: simamisha, rudisha mfuko benki, piga picha ya kifua. Usidhani ni mashine tu.

Hesabu pia damu inayotoka kwa vipimo. Kipimo cha gesi cha ml 1 kila saa mbili ni ml 12 kwa siku, karibu 5% ya damu yote ya mtoto wa kilo 3. Tumia chupa za watoto, mstari wa ateri unaorudisha damu ya kusafishia badala ya kuitupa, na uandike kwenye chati ya kitanda kila ml iliyochukuliwa, pembeni ya ml zilizoingia.